Ukifa Unaenda Mlangoni

Mwezi uliopita nilirudi Baraka, mji wetu wa ziwani, kumaliza matanga ya bibi yangu, na siku ya pili miguu ikanipeleka kwa fundi. Sikuwa nimepanga hivyo, rafiki yangu. Nilitumwa mawese sokoni, nikarudi kwa njia ya nyuma, ile inayoteremka kuelekea ziwani, nikaona mlango wa bluu uko wazi na viatu vimejaa kizingitini: ndala za watoto, raba za mwendesha pikipiki, na pea moja ya viatu vya ngozi vilivyopigwa dawa mpaka vinang'aa, viatu vya mtu mzima na heshima zake. Mimi siku hizi ni muuguzi Uvira, damu nimeizoea na maiti nimewafunika kwa mikono hii, lakini mbele ya mlango ule nilisimama na chupa yangu ya mawese nikitetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Ndani walikuwa wanacheza. Televisheni ni ileile yenye kisogo kirefu, na mashine ya michezo ni ileile ya kuchomeka kaseti, sasa imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke. Mwenye viatu vya ngozi ni mwalimu wangu wa darasa la tano, mvi kichwa kizima, miwani imeshikwa kwa uzi, anabishana na kijana wa pikipiki kuhusu nani kavunja ukuta wa mwenzake. Wasichana wawili wenye sare za shule wanasubiri zamu. Kijana ana simu mfukoni yenye michezo mipya ya kila aina. Nilimuuliza kwa nini hachezi hiyo, akanijibu bila kugeuka, "Ile inafunga masikio, dada." Na kweli chumba kizima kilikuwa kimya. Vifaru vya vita vinapigana kwenye kioo, nyumba za matofali zinabomoka, na husikii kitu isipokuwa vidole kwenye vitufe. Mgeni angedhani televisheni imeharibika.

Haikuharibika. Ngoja nikueleze.

Fundi alikuwa anatengeneza mashine za boti. Aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi huko Tanzania, wenzake walishuka na masufuria na magodoro, yeye akashuka na mashine ya michezo imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Watu walimcheka mwaka mzima. Kisha akapandisha sahani ya umeme wa jua juu ya mabati, akaunganisha betri ya gari, na wote waliomcheka wakaja kuvua viatu mlangoni kwake. Jenereta, tunayoiita groupe, hakuitaka kabisa. "Groupe inafunga masikio," alisema. Hata waya wa spika ya televisheni aliukata kwa koleo siku ya kwanza, mbele yetu, na hakuna aliyeuliza sababu.

Hatukuwa na haja ya kuuliza. Nilipofika miaka kumi na moja nilikuwa nimekwishakimbia mara tatu, mara moja mgongoni kwa mama na mara mbili kwa miguu yangu mwenyewe. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na furushi limefungwa karibu na mlango: nguo, chumvi, kibiriti, karatasi za shule. Hukujua watu wenye bunduki watashuka lini kutoka milimani, wala ni akina nani safari hii. Ulichoweza kufanya ni kusikiliza. Kwa hiyo nyumba ya fundi ilikuwa na sheria moja, na aliisema kwa kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo: "Ukikufa, unaenda ku mulango."

Yaani ukiuawa kwenye mchezo, unaweka chini maneti, kile kishikio cha kuchezea, unainuka, unakwenda kukaa kwenye kigoda cha mlangoni na kutega masikio nje kwa ajili ya wale ambao bado wako hai. Ukisikia kitu, unasema ni nini. Akifa mwingine, anakuja kukupokea. Hakuna aliyekuwa mkubwa kiasi cha kusamehewa. Mwalimu, ambaye asubuhi alitutandika kwa sababu ya hesabu za desimali, mchana alikaa kwenye kigoda kile kama sisi wengine, tena mara nyingi kuliko sisi wengine, maana kwa vifaru alikuwa hafai hata kidogo. Nilimuua kila siku. Nilikuwa namuua kwa furaha, na kesho yake darasani naangalia chini.

Kiingilio kilikuwa bidoni moja, yaani dumu, ya maji kwa mke wa fundi. Saa tisa, jua likipungua ukali, ungetuona tukipanda kutoka ziwani na bidoni kichwani, maji yanachuruzika shingoni, pwani yote inanuka ndagala, dagaa wetu, zilizoanikwa. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndagala aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye vichanja vyake bila hata kunawa. Maneti yake tuliijua kwa harufu, na ikikufikia wewe baada yake, mikono inanuka samaki mpaka usiku. Yeye alipenda mchezo wa matofali yanayoanguka. Aliyapanga polepole, ulimi umetoka kidogo, kama anayepanga samaki kwenye karatasi, na hakufa mpaka tumechoka kumsubiri.

Lakini nisikudanganye, kumbukumbu zangu za nyumba ile si za raha tu. Kilichokaa zaidi ni woga. Ukiwa kwenye kigoda, kila kitu ni bunduki. Mchi wa sombe, yaani kisamvu, kwa jirani, pu, pu, ni silaha nzito ya mbali. Bati likipanuka kwa jua, unaruka. Nilikuwa nabana magoti kwa mikono na kuomba Mungu mtu yeyote afe haraka aje kunipokea. Nilipokuwa nacheza niliogopa vilevile, kwa sababu sasa masikio ni ya mwingine, na je, kama huyo mwingine anasinzia?

Siku ninayotaka kukusimulia, mama yangu alikuwa Misisi, kwenye machimbo, akiuza chumvi na sabuni. Mimi na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka mitatu, tulikaa kwa bibi. Bibi alikuwa pwani akigeuza ndagala zake. Alikuwa amebandika sombe jikoni na kuniachia maneno mawili: niangalie moto, nimwangalie mtoto. Mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua. Nikasema moyoni nitacheza mara moja tu, nitarudi kabla hajageuka upande wa pili. Nikakimbia.

Kwa fundi nilikuta spika kubwa ya kwaya ya kanisa, ile tunayoita bafle, imesimama karibu na mlango. Walimletea aitengeneze. Alikuwa ameiunganisha na televisheni kuijaribu, mara akaitwa pwani kwenye boti iliyogoma kuwaka, akaondoka na kuiacha hivyohivyo, sauti imeteremshwa mpaka chini. Ndani tulikuwa watatu: mwalimu, mama wa ndagala, na mimi. Nikafa mapema. Nikaenda kwenye kigoda, na bafle iko hapo, kitufe chake kinanitazama.

Unielewe, rafiki yangu. Miaka miwili nilikuwa nacheza vifaru na sijawahi kuvisikia. Nilitaka kujua tu vinaliaje. Nikazungusha kitufe kidogo, kimya. Nikazungusha tena, kimya. Nikadhani fundi hajamaliza kazi yake, nikazungusha mpaka mwisho. Waya ulikuwa umelegea ndani, kumbe, na wakati huohuo ukagusana.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile na sitaki kukisikia tena. Mwalimu alikuwa anapiga risasi mfululizo, na bafle ikazitapika zote kuelekea nje ya mlango: ta-ta-ta-ta, kisha mlipuko, kisha mlipuko mwingine. Mabati yalitetemeka, vumbi likaanguka kutoka darini. Nilishika kitufe, nikakizungusha upande usiofaa, nikakipiga ngumi. Mama wa ndagala ndiye aliyeruka na kung'oa waya kwenye betri. Tukabaki tunatazamana gizani kidogo, televisheni imezimika.

Halafu tukasikia miguu. Unaijua sauti ya miguu mingi kwenye mchanga? Haina kelele, ni kama mvua inayokuja. Kisha mtu akapiga yowe la risasi, "Masasi! Banapiga masasi!" na mwingine, "Kimbiyeni! Banafika!" na soko lote likapita mbele ya mlango wetu na magodoro, masufuria, watoto wameshikwa mkono mmoja kama kuku.

Na sisi tukakimbia.

Ndiyo. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe nimecheka siku chache. Watu watatu tuliojua sauti ile imetoka wapi tulikimbia pamoja na wale wasiojua. Kwetu ukiona watu wanakimbia hukai kupiga hesabu. Nilijiambia hawa wamesikia kitu kingine, cha kweli, kimetokea wakati uleule. Mwalimu alipitia dirishani, suruali ikachanika, akakatisha shamba la mihogo na maneti bado mkononi, waya unaburuzika nyuma yake kama mkia. Nilimwona hivyo na sikuona cha kuchekesha.

Nilifika nyumbani. Sombe ilikuwa bado inachemka. Chandarua kilikuwa kimeinuliwa, na kitandani hakuna mtu. Furushi halipo mlangoni. Nikaita jina la mdogo wangu, nikaita bibi, nikaingia chini ya kitanda kuangalia, nikatoka, nikaingia tena. Jirani alikuwa anafunga mlango wake kwa waya. Akaniambia, "Bibi yako amepanda mu boti na mutoto. Banamuvuta kwa nguvu. Alikuwa anakuita we." Boti zilikuwa zinakwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kule ambako watu wetu hukimbilia.

Nilishuka pwani mbio. Boti zilikuwa zimeshakuwa ndogo kwa mbali, zimejaa watu mpaka midomoni, na upepo wa jioni umeanza kuinua maji. Fundi alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini na spana mkononi, anazitazama na yeye. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikazitazama boti pamoja naye. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama pale, kwamba hakuna vita, kwamba kuna mimi tu na kitufe, na bibi yangu yuko kwenye boti ile kwa sababu yangu.

Usiku huo nitauruka. Asubuhi watu walianza kurudi, wanauliza nani alipiga, wapi, na kila mmoja ana jibu lake. Mmoja aliwaona kwa macho yake, ishirini, wenye makoti. Boti zikarudi moja moja. Nikasimama kwenye mchanga nikisoma nyuso. Boti ya bibi haikuwamo. Mchana mvuvi mmoja akasema kuna boti iliingia maji katikati ya ghuba, watu walitupa mizigo ziwani, lakini kama ilifika hajui. Alisema hivyo akiwa anakula muhogo. Siku ya pili nikasimama tena. Nilikuwa nimeacha kula. Kila wimbi lililoleta kitu cheusi ufukweni lilinifanya nifumbe macho, kisha niyafungue, na kila mara ilikuwa gogo au jani la mgomba.

Siku ya tatu alikuja kwa miguu. Alikuwa ameapa hataweka tena mguu ndani ya boti maisha yake yote, basi akaizunguka ghuba nzima kwa njia ya nchi kavu, mdogo wangu mgongoni, ndala zimepotelea ziwani. Miguu yake ilikuwa imevimba na kupasuka. Alipoingia uani hakunigombeza. Alimtua mtoto, akanishika kichwa, akanipapasa mabega, mbavu, mgongo, mapaja, polepole, mahali kwa mahali. Alikuwa anatafuta tundu la risasi. Nikamwacha atafute.

Juma lile nilirudi kwa fundi kwa sababu kutokwenda kungenisema. Alikuwa amekaa anakunja waya wa bafle kwenye kiganja. Akaniuliza bila kuinua macho, "Ile siku, nani alikuwa ku mulango?" Nikasema ni mimi. "Ulisikia nini?" Nikasema, "Sikusikia kitu, papa." Akamaliza kukunja waya, akauweka juu ya kabati, akaniambia nikae nicheze. Mwalimu alirudisha maneti ikiwa imefungwa kwenye gazeti na hakusema ilikuwa wapi. Mama wa ndagala naye alifunga mdomo. Tangu siku hiyo mwalimu hakunichapa tena, na mimi nilipunguza kumuua.

Miguu ya bibi haikurudi sawa. Shambani hakwenda tena. Akachukua mbabula, lile jiko la makaa, na sinia la mihogo, na mahali alipochagua pa kuchomea, katika Baraka nzima, ni mlangoni kwa fundi. Kwenye kigoda kile. Nilijua atakaa pale, watu watazungumza, atasikia. Nikacheza nimempa mgongo na jasho linanitoka. Lakini alichofanya ni kugeuza mihogo yake na kututajia sauti. Kikisikika kitu, aliinua kidole kimoja, akasubiri sauti ya pili, kisha akasema. "Iyo ni mabati." "Iyo ni mama fulani anatwanga." "Iyo ni pikipiki." Hakuinua kidole bure na hakusema kabla ya sauti ya pili. Waliokufa hawakuwa na kazi tena; walikaa kando yake wakila muhogo wa moto. Miaka minne alikaa pale, mvua na jua, na miaka minne nilikuwa namwogopa bibi yangu kuliko watu wa milimani. Hata nilipokwenda Uvira kusoma, kila aliponipigia simu na kusema "mjukuu wangu, nina neno," nilikaa chini kwanza.

Hakulisema. Amefariki mwaka huu, usingizini, na nilifika na siri yangu mkononi kama mgeni aliyefika harusini watu wameshatawanyika.

Basi mwezi uliopita, nimesimama kizingitini na mawese yangu, fundi akaniona. Amekuwa mdogo, shingo inacheza ndani ya kola. Akanipa pole. Kigoda kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekikalia, ingawa wafu wa mchezo walikuwepo. Walikuwa wamesimama tu kando ya mlango, wanasikiliza wakiwa wamesimama. Nikaona sasa au sitasema tena. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile ya bafle ilikuwa mimi.

"Najua," akasema. "Na bibi yako alijua."

Nikamuuliza tangu lini.

"Ile siku alirudia kutoka Ubwari. Nilienda kumupa pole, nikamwambia yote, vile nilikuta bafle na vile nilikuona ku pwani. Nilifikiri atakukataza kuja huku." Akajikuna kidevu. "Alisema, 'Mutoto iko anatetemeka hata mu usingizi. Umwachake acheze. Mi njo nitakaa ku mulango.'"

Nililia pale pale, mbele ya mwalimu, mbele ya watoto wa watu. Mwalimu akajifanya anafuta miwani. Miaka yote ile nilidhani ninamficha, kumbe yeye ndiye alikuwa akinifichia, na miguu yake mibovu imenyooshwa mbele ya mbabula ili mimi nisiogope kwa saa moja kwa siku. Na mimi niliitumia saa hiyo kumwogopa yeye.

Wakanipa maneti. Nikafa mapema, kama siku ile ya bafle. Nikainuka, nikaenda, nikakaa kwenye kigoda. Mbao zake zimelika katikati, na ukutani bado kuna weusi wa moshi wa mbabula. Mchi wa jirani hausikiki tena, siku hizi sombe inasagwa kwa mashine kule barabarani. Harufu ya muhogo haipo. Sauti ya kutaja sauti haipo. Kilichobaki kama nilivyokiacha ni woga, na huo haukuzeeka hata siku moja. Jioni ile ile kulikuwa na maneno sokoni kuhusu watu kushuka tena.

Mara kutoka barabarani, pa!

Vidole vyote vikanyamaza. Niligeuka nikaona nyuso zao zote zimenielekea, mwalimu, kijana wa pikipiki, wasichana wawili, fundi, wananisubiri mimi. Nikainua kidole, nikasubiri sauti ya pili. Ilichelewa. Kisha injini ikashika, ikakohoa, ikapanda kuelekea sokoni.

"Ni pikipiki," nikasema. "Muendelee."

Wakarudi kwenye mchezo wao. Mimi nikabaki na kidole juu.